Baka la kuzaliwa usoni kwa mtoto: kabla ya leza, jicho kwanza

*"Shikamoo dokta. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mafinga. Mwanangu wa kwanza ni wa kike, kazaliwa Januari 2017, na alizaliwa na baka upande wa kulia wa uso, linaanzia kwenye paji, linashuka kwenye kope la juu mpaka shavuni. Alipokuwa mchanga lilikuwa kama pinki hivi, sahivi limekolea limekuwa rangi ya tunda damu. Halimuumi wala haliwashi. Mama mkwe anasema ni mimi nilijishika usoni siku ile jua lilipopatwa mwaka 2016, nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Shuleni wanamtania, juzi nimemkuta bafuni anajisugua shavu kwa dodoki mpaka linatoa damu, nililia dokta. Kuna mtu Mwanjelwa anasema ana dawa ya kupaka, inaunguza baka linatoka kwa wiki mbili, anataka laki na nusu. Mume wangu yeye kaskia kuna leza, anataka tuuze shamba letu la miti tumpeleke India. Je linatoka kabisa? Leza inauma? Inafanya kazi kwenye ngozi nyeusi? Na mtoto wa mdogo wangu ana miezi miwili, ametokewa na kitu chekundu kama nyanya ndogo kwenye mdomo wa chini, kinakua kila siku, ni kitu kile kile? Au ni ya ukoo wetu?"*

Marahaba dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na pale kwenye dodoki nilisimama kidogo, maana mtoto wa umri huo akifika kujisugua mpaka damu ujue amelibeba hilo jambo muda mrefu kabla wewe hujalijua. Nitajibu yote ila kuna matatu naomba uyashike hata kama hutamaliza kusoma leo. La kwanza, yule mtu wa Mwanjelwa usimpe hata mia. La pili, kabla ya leza, kabla ya India, kabla ya kuuza mti hata mmoja, mwanao apimwe jicho la kulia. La tatu, huyo kichanga wa mdogo wako aende hospitali wiki hii, asisubiri safari yenu, kwake siku zina hesabu na nitaeleza kwanini.

Tuanze na mama mkwe, kwasababu naona hili limekukaa moyoni. Ile siku ya tarehe 1 Septemba 2016 mimi naikumbuka, watu walijaa Rujewa kule Mbarali kuangalia jua limekuwa kama pete, na wajawazito walikuwepo nchi nzima, wakajishika uso, wakajikuna, wakajifuta jasho, wakazaa watoto wasio na alama yoyote. Alafu angalia hesabu yenyewe. Wewe ulikuwa na mimba ya miezi mitano, na mtoto wa miezi mitano tumboni uso wake umeshaumbika zamani, macho yapo, pua ipo, mishipa ya damu ya shavuni imeshajipanga. Baka la aina hii mbegu yake hutokea wiki za mwanzo kabisa za mimba, pengine hata wewe ulikuwa hujajua kama una mimba. Seli moja inayokuja kutengeneza mishipa midogo ya damu inapata kosa dogo kwenye jeni, mara nyingi ni jeni inayoitwa GNAQ, watafiti waliigundua hiyo mwaka 2013, na seli zote zinazozaliwa kutoka kwa ile moja zinabeba kosa hilohilo. Ndio maana baka linakaa sehemu moja ya uso na sehemu nyingine ziko salama. Na kwasababu kosa linatokea ndani ya mimba baada ya mimba kushika, halitoki kwako wala kwa baba yake wala kwa ukoo. Hukufanya kitu. Mwambie mama mkwe kwa heshima zake zote kwamba dokta amesema hivyo, na ikibidi aje naye kliniki nimweleze mwenyewe.

Sasa baka lenyewe. Kwa maelezo yako, lilikuwepo siku ya kuzaliwa, limekaa upande mmoja, lilikuwa pinki likakolea, halijavimba ghafla wala halijafifia, hii inafanana sana na kile tunachokiita baka la mvinyo, yaani mishipa midogo ya damu chini ya ngozi iliyotanuka na haina uwezo wa kujibana. Watoto kama 3 kati ya 1,000 huzaliwa nalo. Rangi unayoiona ni damu iliyotuama kwenye hiyo mishipa, kwenye ngozi nyeupe linaonekana jekundu, kwenye ngozi zetu linakuwa kama zambarau au wekundu mweusi, wengine wanadhani ni ngozi imeungua. Jaribu kubonyeza taratibu kwa kidole au kwa glasi safi ya kunywea, ukiona rangi inapungua alafu inarudi ukiachia, basi ni mishipa. Usilichukulie hilo kama kipimo cha mwisho, mtu wa ngozi lazima alione kwa macho yake.

Baka hili halipotei lenyewe. Nasema wazi kwasababu kuna watu wataendelea kukwambia "atakua litaisha". Linakua pamoja na mtoto, na kadri miaka inavyokwenda ile mishipa inazidi kutanuka, rangi inakolea, na kwa baadhi ya watu wakifika utu uzima ngozi inakuwa nene, inatoa vinundu vidogo ambavyo vikiguswa vinachuruza damu. Na kwasababu la mwanao limefika shavuni, mwangalie na ndani ya mdomo, fizi za upande huo zinaweza kuwa na mishipa mingi pia. Kwa umri wake sahivi anang'oka meno ya utotoni, kwahiyo ukimpeleka kung'oa mwambie dokta wa meno mapema kabla hajashika koleo.

Nije kwenye jicho, hapa nitakaa kidogo.

Baka la mvinyo likikaa kwenye shavu peke yake mara nyingi ni suala la ngozi tu. Likikaa kwenye paji la uso na kope, kama la mwanao, ni habari nyingine, kwasababu ile sehemu ya mimba iliyotengeneza ngozi ya paji inakaribiana na ile iliyotengeneza mishipa ya jicho na utando wa ubongo wa upande huohuo. Kwahiyo kosa lilelile la mishipa linaweza kuwa limeingia ndani. Sio kwa kila mtoto, wengi wenye baka la paji wako salama kabisa, ila nafasi ipo na lazima itafutwe. Ikiwa ngozi, jicho na ubongo vyote au viwili kati yake vimeguswa, inaitwa ugonjwa wa Sturge-Weber.

Kwenye jicho shida ni presha ya jicho, glakoma. Maji ya ndani ya jicho yanazalishwa kila saa na yanatakiwa yatoke, mishipa ikiwa na kasoro njia ya kutokea inaziba au inabanwa, presha inapanda, inakandamiza neva inayopeleka picha kwenye ubongo, na neva hiyo ikifa hairudi, hakuna upasuaji duniani wa kuirudisha. Na ubaya wake haiumi. Mtoto hajui kwamba upande mmoja anaona kidogo kwasababu jicho la pili linafidia. Wengine wanaanza wakiwa wachanga, wengine wanaanza ukubwani kabisa, ndio maana kupima mara moja hakutoshi, wakisema leo iko sawa uliza lini arudi, na usichoke kurudi hata kama kila safari unaambiwa iko sawa. Ukiona jicho moja limekuwa kubwa kuliko jingine, linatoa machozi tu, anakimbia mwanga, au ile sehemu nyeusi imekuwa kama ina ukungu, hapo usingoje tarehe ya kliniki, unaenda siku hiyohiyo.

Kwenye ubongo dalili kubwa ni degedege. Wengi wenye shida hiyo degedege huanza kabla ya kufikisha miaka miwili, kwahiyo kama mwanao amefika umri huu hajawahi kukakamaa, hajawahi kupoteza fahamu, mikono na miguu ya pande zote mbili ina nguvu sawa na darasani anaelewa, hiyo ni dalili nzuri sana. Lakini jikumbushe vizuri, muulize na bibi yake aliyekuwa anakaa naye, maana kuna degedege ambazo nyumbani zilipewa jina lingine, mtoto anatoa macho tu anaganda sekunde kadhaa, watu wakasema amepitiwa na upepo. Kama iliwahi kutokea mwambie daktari, ndipo ataamua kuhusu skani ya kichwa. Kumpima kila mtoto MRI bila sababu sishauri, ni hela nyingi na mara nyingi haibadilishi kitu.

Kwa kupima jicho huna haja ya kwenda mbali sana. Anza hospitali ya Mafinga upate rufaa, kama una bima hiyo karatasi ni muhimu, alafu Iringa mkoani au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya muone watu wa macho. Sema maneno haya: mtoto ana baka la mvinyo kwenye kope, naomba apimwe presha ya jicho na aangaliwe neva. Ukisema tu "ana alama usoni" unaweza kupewa krimu ukarudi nyumbani.

Na hapo kwenye krimu niseme. Najua mtaani watakwambia paka mkorogo utafifisha. Fikiria inavyofanya kazi, krimu za kujichubua, iwe haidrokwinoni au zebaki, zinashambulia rangi nyeusi ya ngozi, ile melanini. Baka la mwanao sio melanini, ni damu. Kwahiyo ukipaka, ngozi inayozunguka itapauka na baka litabaki palepale, tena litaonekana zaidi kuliko mwanzo. Nyingine zina steroidi kali kama klobetasoli, hizo zinachuna ngozi inakuwa laini kama karatasi na zinatanua mishipa, yaani zinaongeza kilekile unachokikimbia. Na steroidi ikipakwa karibu na jicho kwa muda inaweza kupandisha presha ya jicho, kwa mtoto ambaye tayari jicho lake liko kwenye hatari. Sitaki hata nifikirie.

Dawa ya kuunguza ndio mbaya zaidi. Nimeona kinachobaki baada ya hizi dawa, iwe ni maji ya betri, iwe ni utomvu wa mnyaa, iwe ni unga ambao hata mwuzaji hajui una nini. Kweli ngozi inatoka, kwa wiki mbili ngozi inatoka. Lakini mishipa iko ndani kuliko ngozi ya juu, kwahiyo ili uifikie kwa kuunguza lazima uunguze unene wote, na hapo ngozi haioti tena, linaota kovu. Kovu linavuta. Likivuta kope, jicho halifungi hata usiku mtoto akilala, kioo cha jicho kinakauka, kinapata kidonda, mtoto anapoteza jicho ambalo lingepona. Kwa laki na nusu. Na ngozi zetu zina tabia ya kuota keloidi, lile kovu linalovimba na kutambaa kuzidi kidonda chenyewe, ulizia kama kuna mtu wa damu yenu ambaye kutoboa masikio tu kulimletea uvimbe, hiyo utahitaji kumwambia daktari yeyote atakayemgusa mwanao ngozi.

Haya, leza. Mume wako kaskia vizuri, leza ndio matibabu ya kweli ya baka hili, na ngoja nieleze inavyofanya ili msije mkadanganywa na mtu mwenye mashine tu.

Mwaka 1983 Rox Anderson na John Parrish kule Boston, Marekani waliandika kitu kilichobadilisha kazi yetu. Walionyesha kwamba ukichagua mwanga wa rangi ambayo kitu fulani kinaipenda kuinyonya, na ukaupiga kwa muda mfupi sana, joto linabaki kwenye kile kitu na jirani zake wanapona. Kwa baka la mvinyo kinachonyonya ni ile rangi nyekundu ya damu. Leza inayotumika zaidi inaitwa PDL, mwanga wake ni wa nanomita 595, inapiga kwa kipande cha sekunde, damu ndani ya mshipa inachemka, ukuta wa mshipa unaungua na kuziba, alafu mwili wenyewe unausafisha taratibu kwa wiki kadhaa. Ngozi haikatwi.

Shida yetu sisi weusi ni kwamba melanini nayo inaupenda mwanga huohuo, na imekaa juu, kama pazia dirishani. Mwanga kabla haujafika kwenye mshipa unakutana na melanini, sehemu ya nguvu inaishia pale, kwahiyo kinachofika chini ni kidogo, na kile kilichoishia juu kinaweza kuunguza ngozi, ikatoka malengelenge, ikabaki doa jeusi au jeupe. Ndio chanzo cha maneno ya "leza sio ya watu weusi". Sio kweli kwamba haifai, ila inataka mkono wa mtu anayeijua ngozi nyeusi, atumie nguvu ndogo, mapigo marefu kidogo, apulize ubaridi kwenye ngozi wakati huohuo, na aende polepole. Kuna nyingine inaitwa YAG ya nanomita 1064, hiyo melanini haiipendi sana na inazama ndani zaidi, ila kwa baka la mvinyo nafasi kati ya kiasi kinachotibu na kiasi kinachounguza ni nyembamba mno, mtu asiye mzoefu anaacha kovu.

Kwahiyo popote mtakapoenda, iwe Dar iwe nje, maswali ni haya haya. Mashine ni aina gani, PDL ipo au mna ya kutoa nywele tu? Umeshatibu watoto weusi wangapi wenye baka la mvinyo, nionyeshe picha zao za kabla na baada. Utaanza na sehemu ndogo ya majaribio? Kwa swali hili la mwisho akisema hapana, tunapiga uso wote leo, chukueni mtoto mwondoke. Sehemu ya majaribio inapigwa pembeni kidogo, kipande kama cha shilingi, mnasubiri wiki nne mpaka nane muone ngozi imejibu vipi, ndio mnaendelea.

Linatoka kabisa? Kwa wachache ndiyo. Kwa wengi linapungua, linafifia kiasi ambacho mtu wa mbali hagundui au linafunikwa kirahisi, na wapo ambao halijibu sana. Katikati ya uso, yaani shavu karibu na pua na mdomo wa juu, huwa gumu kuliko paji na pembeni. Kwenye ngozi nyeusi tegemea kufifia, usitegemee kufutika. Na sio mara moja, ni mara nyingi, mara kumi sio ajabu, kila moja ikiachana na nyingine wiki nne mpaka nane au zaidi, na baada ya miaka rangi inaweza kurudi kidogo ikahitaji kuguswa tena. Ingekuwa bora angeanza akiwa mchanga, ngozi ni nyembamba na mishipa ni midogo, lakini umri wake huu bado ni mzuri, usijilaumu na hilo tena.

Inauma, ndiyo, kama kupigwa na mpira wa manati, kila pigo. Kuna krimu ya ganzi inapakwa saa moja kabla, na kwa mtoto wa umri wake mwenye baka kubwa wengine wanamlaza kwa dawa ya usingizi, na hiyo inataka hospitali kamili yenye daktari wa usingizi, sio chumba cha saluni. Jicho lazima lifunikwe kwa kinga maalumu ya chuma maana leza ikiingia jichoni ni upofu. Baada ya hapo shavu linakuwa na weusi kama la mtu aliyepigwa ngumi, linakaa wiki moja mpaka mbili, mwambie mwalimu wake mapema asije akadhani anapigwa nyumbani.

Alafu jua. Watu wa huku kwetu tunadhani jua ni la Dar kwasababu huku kuna baridi, wakati mionzi inayochoma ngozi haina uhusiano na baridi. Ukipanda mlima mita 1,000 mionzi inaongezeka kama asilimia 10, na Mafinga, Njombe, Mbeya zote ziko juu sana. Mtoto akipigwa leza alafu akashinda juani Juni au Julai na ubaridi wake bila kofia pana, doa jeusi linakuja juu ya baka.

Kuhusu shamba la miti, naomba nimwongeleshe mume wako moja kwa moja. Kaka, upendo wako kwa binti yako nauona. Ila miti ikishauzwa imeuzwa, na safari moja ya India haitibu baka hili. Mtaenda, atapigwa mara moja au mbili, viza itaisha, mtarudi, na mara nane zilizobaki mtazifanyia wapi? Kabla ya kuuza chochote anzia Muhimbili au KCMC kule Moshi, palepale kipo kituo cha ngozi cha kanda kilichoanzishwa mwaka 1992, kinafundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Piga simu kwanza kabla ya kulipa nauli, uliza PDL ipo na inafanya kazi, uliza gharama ya mara moja, zidisha kwa kumi, ongeza nauli na kulala na ada ya usingizi. Ukishapata hiyo namba ndipo mkae mezani. Mimi kama ningekuwa na hela ya kitu kimoja tu sasa hivi, ningeimalizia kwenye jicho lake, ndio nianze kuweka akiba ya leza taratibu.

Kukata kwa upasuaji na kupandikiza ngozi sishauri kwa baka kubwa la usoni kama hili, kiraka huwa kinaonekana zaidi kuliko baka. Kugandisha kwa naitrojeni nako hapana, kunaua seli za rangi, atabaki na doa jeupe. Upasuaji una nafasi yake baadaye kama vinundu vitaota.

Mekapu ya kufunika ni kitu halali kabisa, wala sio kumfundisha mtoto uongo. Tabaka jembamba la chini lenye umanjano linazima ule uzambarau, juu yake foundesheni inayofanana na ngozi yake, kisha poda. Kwa mtoto iwe ya siku maalumu, sherehe au picha, iliyosajiliwa, na ioshwe kabla ya kulala.

Sasa kichanga. Hapana, sio kitu kile kile. Kitu chekundu kama nyanya kilichotokea baada ya kuzaliwa na kinakua kila siku hicho ni hemanjioma, hizo ni seli za mishipa zinazozaliana kwa kasi. Zina tabia ya ajabu, zinakua sana miezi ya mwanzo, kisha zinasimama, kisha zinanywea zenyewe miaka kadhaa mpaka nyingi zinaisha. Ndio maana ikiwa mgongoni au pajani, ndogo, tunaiacha tu. Lakini hii iko mdomoni, sehemu ya kunyonyea, inaweza kupasuka ikawa kidonda mtoto akashindwa kunyonya, na hata ikinywea inaacha mdomo umeharibika umbo. Mwaka 2008 Christine Léauté-Labrèze na wenzake Bordeaux, Ufaransa walitoa taarifa kwamba dawa ya zamani ya moyo na presha, propranololi, waliyompa mtoto kwa sababu nyingine ilipunguza hemanjioma yake, na leo ndio dawa ya kwanza duniani kwa ugonjwa huu. Inafanya vizuri zaidi ikianzwa mapema, wakati bado inakua, na miezi miwili ni wakati wenyewe. Akikaa mpaka mwaka atakuwa amepoteza sehemu kubwa ya faida. Ila nakuomba, msiende duka la dawa mkanunua. Kwa kichanga inashusha sukari kama akipewa hajanyonya, inashusha mapigo ya moyo, na kwa mwenye kifua cha kubana ni hatari. Anatakiwa daktari wa watoto amsikilize moyo, ampime uzito, apige hesabu ya dozi, na mama afundishwe kwamba siku mtoto anatapika au hanyonyi, dawa inasimama.

Kwa wengine wanaosoma na wana wasiwasi wa alama za watoto wao, yale mabaka ya bluu kiunoni na matakoni kwa vichanga wetu ni ya kawaida kabisa, hayajatokana na kupigwa na mkunga, mengi yanafifia kabla ya kuanza shule. Madoa ya rangi ya chai ya maziwa yakifika sita au zaidi na kila moja linazidi milimita 5, mlete mtoto. Na baka jeusi lenye nywele, hasa kubwa, likibadilika umbo, likaota uvimbe au kutoa damu, mlete haraka.

Nirudi kwa binti yako. Muulize yeye, mkiwa wawili tu, anataka nini. Sio "unataka tulitoe?", muulize inakuwaje shuleni, nani anasema nini, wapi anaumia zaidi. Mpe sentensi fupi ya kusema mwenyewe, kitu kama "nimezaliwa nalo, ni mishipa ya damu, haliambukizi", nimeona watoto wakishakuwa na jibu mdomoni wanatembea tofauti. Nenda kamuone mwalimu wa darasa. Dodoki liondoke bafuni, pale palipochubuka osha kwa maji na sabuni laini, paka vaselini, na kama pametoa usaha au pamevimba apelekwe. Damu ikichuruza bonyeza kwa kitambaa safi dakika kumi bila kuachia kuchungulia.

Siku ya kwenda kwenye macho beba kadi yake ya kliniki ya utotoni na picha zake za zamani, za mwaka mmoja, za miaka mitatu, hizo zinamwambia daktari mengi kuliko maneno. Wakishampima niandikie walichokuta kwenye presha ya jicho, namba zenyewe, macho yote mawili, tutaendelea kutokea hapo.